Mwiko wa pongo na kalamu ya Sh1,500

Nilikuwa na umri wa miaka tisa nilipokataa nyama kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumeshinda tukichunga ng'ombe kandokando ya msitu wa Kakamega, upande wa Shinyalu, mimi na rafiki yangu wa darasa la tatu, na jioni mama yake akatupakulia. Sikuwa nimetia kitu tumboni tangu uji wa asubuhi. Sahani ilipotua mbele yetu niliona vipande vyeusivyeusi, vyenye harufu ya moshi na ya kitu kingine nisichokijua. Haikuwa nyama ya ng'ombe wala ya mbuzi. Nikauliza ni ya nini. Baba mwenye nyumba akajibu bila kuficha: pongo, alinaswa jana usiku. Nikarudisha mkono.

Ukoo wetu hauli pongo. Nilikuwa nimeambiwa hivyo tangu nianze kuelewa maneno, kama nilivyoambiwa kwamba moto unaunguza, lakini hadi jioni ile mwiko huo ulikuwa haujawahi kunigharimu chochote. Mzee yule aliniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nilipomtajia aliguna, akamgeukia mkewe: "Mama, mtolee mtoto mrenda. Huyu ana mnyama wake." Hakunicheka, wala hakunibembeleza nionje. Nikala ugali kwa mrenda uliolala tangu mchana, mwenzangu akitafuna nyama ubavuni mwangu. Usiku huo nilirudi nyumbani peke yangu, gizani, kwa njia iliyokuwa ikinitisha siku zote, na sikuogopa. Tumbo lilikuwa nusu tupu, na bado sikumbuki siku nyingine ya utotoni niliyojiona mzito kiasi kile, mtu mwenye watu nyuma yake.

Nimeikumbuka sahani ile kwa sababu ya kalamu.

Binti wa kaka yangu anajiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Likizo ya Agosti alikuja kwangu kuniomba Sh1,500. Alizungukazunguka kwanza, kama watoto wafanyavyo, akataja viatu, akataja vitabu vya marudio, kisha ukweli ukatoka. Kuna mtu anauza kalamu. Ukiishika kalamu hiyo katika chumba cha mtihani, alisema, akili haikukimbii. Picha yake alikuwa nayo kwenye simu: kalamu ya biro ya kawaida, ile ya Sh20 dukani, imezungushiwa kitambaa chekundu na kufungwa kwa uzi mweusi katikati. Bei siyo iliyonishtua. Lililonishtua ni maelezo yaliyokuja na bidhaa. Muuzaji, ambaye hajawahi kumwona, alikuwa amemweleza kwa simu kwamba alama zake za hisabati zimeshuka kwa sababu kuna aliyemfunga. Nani? Mtu wa karibu, akaambiwa, mtu mnayelala chumba kimoja. Msichana akafikiri usiku mmoja tu, akapata jibu: mwenzake wa kitanda cha juu, rafiki yake tangu kidato cha kwanza. Muhula ulipofungwa walikuwa hawasemeshani.

Ukipita mjini Kakamega, kuanzia steji ya matatu hadi sokoni, utaona nguzo za stima zilivyovikwa karatasi za waganga wa namna hii, nambari za simu zimeandikwa kwa herufi nene. Wanatoka Tanga, wanatoka Pemba, wanatoka Sumbawanga, au ndivyo wanavyosema. Wanarudisha wapenzi, wanashinda kesi za mashamba, wanafichua wezi. Zisome zote, kutoka nguzo moja hadi nyingine, na utagundua kwamba neno linalojirudia kuliko yote ni adui.

Nadhani tumechanganya mambo mawili ambayo wazee wetu waliyaweka mbalimbali: nguvu na kinga. Mnyama wa ukoo alikupa nguvu, na alikupa kwa kukudai. Alikudai usile hiki, usimuue yule, usioe huku. Kalamu yenye uzi mweusi inauza kinga, na haikudai lolote ila fedha. Lakini kinga lazima iwe na wa kukingwa dhidi yake, na kama hayupo, muuzaji atakutafutia. Mara nyingi atakutafutia kati ya wale wanaokupenda.

Waluhya wengi huuita mwiko huo wa ukoo omusiro. Günter Wagner, Mjerumani aliyekuja kuishi na kuandika habari za Waluhya katika miaka ya 1930, alizikuta koo nyingi ajabu katika eneo hili, nyingi zikiwa na mnyama, ndege au mmea wake usioguswa, na juzuu ya kwanza ya kitabu chake, iliyotoka mwaka 1949, imezijaza kurasa kwa habari hizo. Ukivuka mpaka kwenda Buganda utakuta jambo lilelile kwa jina linalokaribiana, omuziro: kuna ukoo wa kamongo, kuna wa tumbili, kuna wa kakakuona, na mpaka leo vijana wa Kampala huulizana kwanza mnyama kabla ya kuulizana nambari ya simu. Aliyekula mnyama wake, wazee walisema, angetokwa na ukurutu mwili mzima. Sijawahi kumwona mwenye ukurutu huo. Nimewaona wengi waliokataa sahani.

Na kukataa huko kulikuwa na kazi. Mtu wa ukoo wako, hata kama hamjawahi kuonana, alitambulikana kwa kile asichokila. Mgeni aliyetoka mbali, akafika jioni akitaja pongo, alikuwa ameshafika kwa ndugu. Mwiko ulikuwa kitambulisho kisichoweza kuibwa mfukoni, kwa sababu kilikaa tumboni.

Babu yangu, tuliyemwita kuka, alikuwa na kitu kimoja alichokithamini kuliko vyote alivyokuwa navyo, nacho kilikuwa mrija wa busaa. Mrefu, ungeweza kuupima kwa urefu wa mwanamume mzima na nusu, na mwishoni umefungwa kichujio kidogo kilichosukwa ili machicha yasipande. Aliuhifadhi katika mwanzi uliotobolewa, ukaning'inizwa juu ya mlango, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuugusa. Watu wazima wa siku zile waliketi kukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake. Mwaka fulani kuka aligombana na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Msimu mzima mrija ule haukushuka. Hakukatazwa na mtu kwenda penye chungu. Hakuweza tu kuingiza mrija katika chungu kimoja na mtu ambaye hawajapatana. Walipopatana, wazee wakiwapo, aliushusha mwanzi, akautoa mrija, akaupuliza vumbi kwa upole mkubwa, akaondoka nao begani. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ule mrija ulikuwa na nguvu za kweli, na sihitaji kumwamini pepo yeyote ili niseme hivyo.

Twende kaskazini ya kaunti yetu, Lugari na Likuyani, wanakoishi Wabukusu wengi. Agosti ya kila mwaka wa shufwa ni msimu wa tohara. Siku moja kabla ya kisu, mvulana huenda kwa mjomba wake, khocha, akipiga njuga njia nzima na kundi likimfuata. Mjomba akiridhika huchinja ng'ombe, na kipande cha nyama ya kidari, luliki, huvishwa mvulana shingoni kama mkufu. Nyama mbichi, nzito, yenye damu, inamgonga kifuani anaporudi kwao. Alfajiri hupelekwa mtoni, akapakwa matope baridi kutoka utosini hadi nyayoni, na jani la nyasi likasimamishwa juu ya kichwa chake. Kisha anatembea hadi uani kwa baba yake, anasimama mbele ya kijiji kizima, na hatakiwi hata kupepesa jicho.

Anayetazama kwa mbali atasema luliki ni hirizi na matope ni dawa ya ganzi. Kweli, baridi ya matope alfajiri inautia mwili ganzi kidogo. Lakini muulize mtu aliyesimama pale. Atakwambia kilichomshikilia wima ni ule uzito wa shingoni wa jana yake, kwa sababu luliki haipatikani bure. Ikiwa baba wa mvulana hajamaliza mahari ya mama yake, mjomba anaweza kukunja mikono na kusema: ng'ombe wangu wako wapi? Madeni yaliyolala miaka kumi na mitano yanaamshwa wiki ile. Mashemeji wasioamkiana huketi chini wakahesabiana. Mvulana anayerudi na nyama kifuani amebeba ushahidi kwamba pande zote mbili zilizomzaa zimekubali yeye awe mtu. Huwezi kuagiza kitu hicho kwa simu.

Kuna pingamizi zito hapa na sitalikwepa. Watasema: vitu hivi viliwahi kuwaangamiza watu walioviamini. Ni kweli. Mwaka 1905, kusini mwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, na watu waliamini kwamba risasi zitageuka maji zikiwagusa. Yeye mwenyewe alinyongwa Agosti 4, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Mwisho wa mwezi huohuo maelfu waliishambulia ngome ya Mahenge, na bunduki za rasharasha zikawafyeka. Vita viliendelea hadi 1907, na kwa makadirio ya chini watu 75,000 walikufa, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala.

Kama kinga, maji yale yalishindwa vibaya, na yeyote anayesema vinginevyo anawakosea heshima marehemu. Lakini maji yalikuja na miiko pia: wapiganaji walikatazwa kupora, walikatazwa kulala na wanawake wakati wa vita. Na yaliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine, watu ambao hakuna mfalme aliyewahi kuwaweka chini ya amri moja. Nguvu ilikuwapo. Kosa lililowaua ni kuichukua nguvu ile na kuipeleka mbele ya bunduki kama ngao. Nalisoma tukio hilo kila mara kwa uchungu, na kila mara linanifundisha kuwa mwangalifu na neno kinga.

Wataalamu nao wameligusa jambo hili kwa njia yao. Mwaka 2010 watafiti wa Cologne, Ujerumani, walitoa matokeo yaliyosambaa dunia nzima: mtu akipewa mpira wa gofu na kuambiwa kwamba ni wa bahati, alifunga mara nyingi zaidi kuliko aliyepewa mpira uleule bila maneno. Magazeti yalishangilia. Miaka minne baadaye watafiti wa Marekani wakalirudia jaribio hilo la mpira, kwa watu wengi zaidi, na hawakuiona tofauti yoyote. Mimi sikushangaa. Mpira uliokabidhiwa na mgeni ndani ya maabara, usiokudai lolote na usiokuunganisha na yeyote, ungekupa nini?

Ukitaka kuiona nguvu isiyo na kinga, njoo uwanja wa Bukhungu wanapocheza Ingwe, yaani Chui. Klabu ile ilizaliwa mwaka 1964 ikibeba jina la Abaluhya, na mwaka 1980, serikali ilipokataza majina ya kikabila, ikawa AFC Leopards. Jina la kabila lilifutwa, mnyama akashika nafasi yake. Chui huyo hajaleta taji la ligi kuu tangu 1998. Angekuwa dawa ya kununuliwa, wateja wangekwisha kudai fedha zao. Lakini Jumapili utawaona wanaume wa miaka sitini na wajukuu wao, wote katika bluu na nyeupe, wakipiga isukuti kama vile mwaka ni 1984. Na wapinzani wao wakubwa, Gor Mahia, wamechukua jina lao kwa mganga mashuhuri wa Kijaluo. Hata mpira wetu umejengwa juu ya mambo haya tunayojifanya tumeyaacha.

Tumeyaacha wapi? Wafuasi wa makanisa ya Roho wanapita barabarani na kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu, ngoma mbele, bendera juu, na ukiwauliza kwa nini hawavui kanzu njiani watakwambia ni vazi la vita. Wakatoliki wa Mukumu wana rozari. Shule nyingi, kabla ya mtihani, huwa na siku ya maombi ambapo kalamu na rula za watahiniwa huinuliwa na kubarikiwa. Sina ugomvi na hayo hata kidogo. Mama anayefunga siku tatu kwa ajili ya mtoto, kisha akamtia rozari mkononi, amempa kitu chenye mwiko ndani yake: usiibe mtihani, usinitie aibu, nimekesha kwa ajili yako. Linalonisikitisha ni pale rozari nayo, au chupa ya mafuta ya upako, inapouzwa pamoja na jina la adui. Hapo mhubiri na mganga wa nguzo ya stima wanafanya biashara moja.

Na biashara hiyo ina makaburi. Kule Kilifi, katika nchi ya kaya, Wamijikenda walizika fingo katikati ya makao yao, kago la watu wote, na misitu iliyozunguka makao hayo ikahifadhika kwa sababu hakuna aliyethubutu kukata mti. UNESCO iliiingiza misitu ile katika urithi wa dunia mwaka 2008. Katika kaunti hiyohiyo wazee wenye mvi wanauawa, mara nyingine na vijana wa damu yao, kwa kuitwa wachawi, na ilibidi mahali kama Kaya Godoma kule Ganze pageuzwe kimbilio lao. Tanzania imewazika watu wenye ualbino waliokatwa viungo ili vitengenezewe hirizi za utajiri, mpaka Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku waganga wa ramli. Mtu anayetaka kuyatupa yote, fingo na kisu, katika moto mmoja, naielewa hasira yake.

Lakini angalia hata sheria ya mkoloni. Sheria yetu ya Uchawi ni ya mwaka 1925, ingali vitabuni, na iliandikwa na wageni. Hao nao, walipofika kwenye hirizi, waliuliza imekusudiwa nini: je, aliyenayo anataka kumtia mwingine hofu, kumsumbua au kumdhuru? Nami nachora mstari papo hapo. Kinachokudai wewe, kiweke. Kinachomnyooshea mwenzako kidole, kitoe nyumbani leo, kiwe kimetoka kwa mganga au kimetoka madhabahuni.

Niliyaeleza haya, kwa maneno machache kuliko haya, kwa yule binti. Hakuridhika. "Sasa baba mdogo," akaniambia, "wewe una pongo wako. Mimi nitaingia na nini chumbani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Pongo ni wake pia, lakini tangu azaliwe hajawahi kumwona, na hakuna atakayempakulia. Nikafikiri. Kisha nikamwita kama ninavyomwita tangu alipokuwa mchanga, kwa sababu amebeba jina la nyanya yangu: "Kukhu, wewe unajua jina lako lilikupataje?"

Alijua nusu. Alijua kwamba alilia wiki nzima baada ya kuzaliwa, na kwamba wanawake walitaja majina ya marehemu mmoja baada ya mwingine, na lilipotajwa la kukhu akanyamaza na kushika titi. Hilo hulieleza kila mtu kwetu. Nusu ya pili hakuwahi kuambiwa, kwamba jina nalo lina mwiko. Kukhu mwenye jina alikuwa mwanamke mfupi, mfinyanzi, aliyebeba vyungu kichwani kutoka Ilesi, chini ya mwamba uitwao Jiwe Linalolia, hadi soko la Khayega. Alikuwa na ulimi mkali na aligombana na watu wengi. Lakini hakula chakula juu ya ugomvi. Akigombana na mtu asubuhi, sufuria ya mchana ingepoa. Angejifunga leso, angeshuka bonde na kupanda ng'ambo, angemkuta huyo mtu na kumaliza naye maneno, ndipo arudi ale. Mara moja alirudi usiku, amelowa hadi magotini, kuka akamkemea kwa kupita mtoni gizani. Alijibu kwamba njaa ilikuwa inamuuma.

Binti alisikiliza akichora kwa vidole vyake juu ya meza. Chai yake ilikuwa imepoa, na mkate hakuugusa tangu afike, jambo nililolihesabu kuwa ni wasiwasi wa mtihani.

"Anapatikana kwa simu ya mama yake," alisema hatimaye. Hakusema nani.

Nikampa simu yangu. Alitoka nayo hadi chini ya mparachichi, akasimama akinipa mgongo, na nikamsikia akiamkia mtu mzima kwa adabu, akijitambulisha kwa jina lake lote, kisha akinyamaza kungoja mwenzake aitwe.